Kupimiwa Baiskeli ili Kuepuka Maumivu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu akishaanza kuendesha baiskeli zaidi ya saa moja kwa mkupuo, maswali haya humjia yote, moja baada ya jingine, na kwa kawaida huanzia gotini. Yamepewa namba ili yarejelewe kwa urahisi. Kama tayari unaumia, ruka moja kwa moja hadi swali la 9.

## Mambo ya mwanzo

1. Kupimiwa baiskeli ni kitu gani hasa?

Ni kama kwenda kwa fundi cherehani, ila hapa kinachopunguzwa na kuongezwa ni baiskeli. Mpimaji anautazama mwili wako: urefu wa miguu, nyonga zinavyokunjika, mabega, nyayo, majeraha ya zamani. Kisha anasogeza kiti, usukani na pedali mpaka vikufuate wewe. Mwili nao hunyumbuka, lakini una kikomo chake. Baiskeli ina boliti, na chenye boliti ndicho cha kusogezwa.

Wengi huchanganya jambo hili na kuchagua saizi ya fremu. Saizi ni hatua ya kwanza tu. Chukua watu wawili wenye urefu wa sentimita 175. Mmoja ana miguu ya sentimita 78 kutoka sakafuni hadi kwenye msamba, mwingine 84. Jedwali la dukani litawapa fremu ileile, ilhali viti vyao vinapaswa kupishana kwa zaidi ya sentimita 5. Wakiazimana baiskeli bila kugusa kiti, mmoja atarudi na magoti yanayouma na mwingine atarudi akilalamikia kiuno.

2. Baiskeli haina kishindo kama kukimbia. Inaumizaje?

Kwa kurudia. Anayezungusha pedali mara 85 kwa dakika anakunja na kunyoosha kila goti mara 5,100 kwa saa. Safari ya saa tatu ni zaidi ya mara 15,000. Mkimbiaji hubadilisha hatua bila kujua: anakwepa jiwe, anapanda ukingo, anapunguza mwendo. Mwendesha baiskeli ameshikwa mahali patano, yaani mikono miwili, miguu miwili na makalio, na mguu unapita njia ileile kila mzunguko. Njia hiyo ikiwa imepinda milimita chache, kano moja ndiyo inayolipa, mara 15,000.

Ndiyo maana majeraha ya mkao hayana siku ya kuzaliwa. Ukiuliza lilianza lini, jibu ni "nadhani mwezi uliopita, sijui."

3. Je, kila mtu anahitaji kupimiwa?

Hapana. Anayekwenda dukani na kurudi, dakika kumi na tano, anahitaji kiti cha urefu unaofaa, basi (angalia swali la 4). Wanaofaidika kweli ni wanaoendesha saa kadhaa kwa wiki, wanaoumia mahali palepale kila mara, waliowahi kuvunjika au kufanyiwa upasuaji wa goti, nyonga au mgongo, na wanaohamia pedali za kufunga kiatu kwa mara ya kwanza. Ningeongeza wanaotaka kununua baiskeli ghali. Pima kwanza, nunua baadaye. Watu hufanya kinyume chake, na swali la 21 linaeleza matokeo.

4. Naweza kujipima mwenyewe nyumbani?

Urefu wa kiti, ndiyo, na peke yake hutatua matatizo mengi. Simama pekupeku, mgongo ukutani. Chukua kitabu chenye jalada gumu, kibane katikati ya mapaja kikiwa wima, kipandishe mpaka kigote mfupani kama unavyokalia kiti. Mtu mwingine apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Rudia mara tatu, maana kipimo cha kwanza karibu kila mara huwa kifupi: watu huona haya kukipandisha kitabu sawasawa.

Zidisha kwa 0.883. Jibu ni umbali kutoka kitovu cha krenki (mkono wa chuma unaoshika pedali) hadi juu ya kiti, ukifuata bomba la kiti. Kanuni hii ilienezwa na mwendesha mbio Mmarekani Greg LeMond, aliyeipata kwa kocha wake Mfaransa Cyrille Guimard. Kanuni nyingine, ya mwaka 1967, hutumia asilimia 109 ya urefu wa mguu, lakini hupima kutoka kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mwenye mguu wa sentimita 80 anapata 70.6 kwa ya kwanza. Kwa ya pili anapata 87.2, na ukitoa krenki ya sentimita 17 inabaki 70.2. Zinapishana milimita 4 tu. Ndiyo faida yake, na ndiyo kasoro yake pia: hakuna hata moja inayojua soli yako ni nene kiasi gani, au kwamba wewe hukanyaga huku kisigino kimeinuka.

Kwa hiyo hesabu ni mahali pa kuanzia. Baada ya hapo, panda baiskeli ukiegemea ukuta, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande huo. Ukirudisha sehemu pana ya unyayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo. Kiasi kinachotafutwa, ukiwa umetulia, ni digrii 25 hadi 35 kutoka mguu ulionyooka.

Kujipima kunakwama kwenye mambo usiyoweza kuyaona ukiwa umekaa juu ya baiskeli hiyohiyo: goti linalokwenda upande, nyonga inayoyumba, bega moja lililo juu. Simu iliyowekwa nyuma yako ikurekodi dakika tano itakuonyesha mengi, mradi uwe umechoka kidogo. Mtu mwenye nguvu mpya hujipanga vizuri mbele ya kamera.

## Siku yenyewe

5. Mpimaji anafanya nini hasa, na inachukua muda gani?

Kikao cha kwanza huchukua saa mbili hadi tatu. Ukiambiwa nusu saa, hicho ni kipimo cha kiti tu.

Kinaanza kwa maongezi. Unaendesha wapi, saa ngapi kwa wiki, nini kinauma, kinaanza baada ya muda gani. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana: ganzi ya dakika ya kumi na ganzi ya saa ya nne zina vyanzo tofauti. Kisha unalala kwenye kitanda cha uchunguzi. Mguu mmoja unainuliwa ukiwa umenyooka kuona misuli ya nyuma ya paja inaruhusu kiasi gani, goti linasukumwa kifuani kuona nyonga inakunjika mpaka wapi, nyayo zinatazamwa zikiwa na uzito na bila uzito.

Halafu viatu vinageuzwa. Hapa mimi hukaa muda mrefu kuliko wateja wanavyotarajia. Nakumbuka mwendeshaji mmoja aliyekuja na goti la kulia lililomsumbua miezi miwili, akiwa ameshabadilisha kiti mara mbili. Nilipogeuza kiatu cha kulia, pembeni mwa kliti, kile kipande cha chini ya soli kinachojifunga kwenye pedali, palikuwa na mstari safi, mweupe, upana wa kama milimita nne, mahali ambapo matope hayajawahi kufika. Boliti ilikuwa imelegea na kliti imehama. Kiti hakikuwa na kosa lolote.

Baada ya hapo baiskeli inafungwa kwenye stendi inayoishikilia papo hapo na unaanza kukanyaga. Kinarekebishwa kitu kimoja, unakanyaga, unaulizwa, kinarekebishwa kingine. Mpangilio wa kawaida ni miguu kwanza, halafu kiti, usukani mwisho. Ukianza na usukani utaurudia, kwa sababu kiti kikisogea nyuma sentimita moja, umbali wa kufikia usukani umeongezeka sentimita moja. Kiti kilichosogezwa nyuma pia huwa kimepanda kidogo ukipima kutoka kwenye krenki, karibu milimita 3 kwa kila sentimita, hivyo huenda kikahitaji kushushwa. Hakuna boliti inayogusa kipimo kimoja peke yake.

6. Nije na nini?

Baiskeli unayoiendesha, viatu unavyovaa na kaptula yako ya kila siku. Usije na viatu vipya ulivyonunua kwa ajili ya siku hiyo. Usisafishe soli.

7. Ni lazima pawe na kamera na leza?

Si lazima. Vyombo vya kunasa mwendo kwa vitaa vinavyobandikwa mwilini hupima pembe za viungo ukiwa unakanyaga, na hilo ni jambo zuri, kwa kuwa pembe ya goti linalotembea hutofautiana kwa digrii kadhaa na ile ya goti lililosimama. Namba hizo pia hukupa kumbukumbu ya kulinganisha baadaye. Lakini chombo hakijui kwamba ulivunjika nyonga utotoni. Kati ya mpimaji mwenye timazi, pimamaji na masikio yanayosikiliza, na mwingine mwenye mashine inayomwambia "kijani, nyekundu", nitakwenda kwa wa kwanza.

Tukiwa kwenye timazi: utaona wengine wakishusha uzi wake kutoka gotini hadi kwenye ekseli ya pedali, krenki ikiwa mlalo, ili kuamua kiti kiwe mbele au nyuma kiasi gani. Ni njia ya zamani na ni mwanzo unaokubalika. Haina sababu yoyote ya kimaumbile inayoifanya iwe sheria. Anayeendesha akiwa amelala sana mbele, kama kwenye mbio za kushindana na saa, huwa na goti mbele ya uzi na haumii.

8. Nitamjuaje mpimaji mzuri?

Katika nchi nyingi mtu yeyote anaweza kujiita mpimaji. Kuna vyeti, vikiwamo vya watengenezaji wa baiskeli na vya International Bike Fitting Institute, na vinasaidia, lakini cheti hakikuonyeshi kama mtu anasikiliza. Uliza maswali matatu: Utanichunguza mwili kabla ya kunipandisha kwenye baiskeli? Nitapewa vipimo vyangu kwa maandishi? Nikirudi baada ya wiki chache, marekebisho yamo kwenye kazi hii au ni kazi mpya?

Jihadhari na anayekuuzia kitu kabla hujakanyaga. Wakati mwingine shingo fupi ya usukani (kipande kinachoushika usukani mbele ya fremu) au kiti kingine kinahitajika kweli, lakini hilo hujulikana mwishoni.

## Maumivu na yanakotoka

9. Goti linauma. Tatizo ni kiti?

Mara nyingi ndiyo, lakini kwanza weka kidole mahali panapouma. Mahali hapo patakuambia zaidi kuliko kiwango cha maumivu.

Mbele, kuzunguka pia ya goti au chini yake: tuhumu kiti kilicho chini mno au mbele mno. Goti lililokunjika sana wakati wa kusukuma huibana pia hiyo ya goti kwenye mfupa wa paja. Gia nzito huleta maumivu yaleyale hata kiti kikiwa sawa. Anayepanda kilima kwa mizunguko 50 kwa dakika anajiletea mwenyewe, ashushe gia.

Nyuma ya goti: kiti kiko juu mno au nyuma mno, na mguu unavutwa kila unapofika chini. Tazama video ya nyuma. Nyonga zikiyumba kushoto na kulia kama mizani, jibu umelipata.

Ubavu wa nje: huko unapita utepe mrefu wa kano unaotoka nyongani hadi chini ya goti. Husumbuliwa na kiti kirefu, na pia na kliti inayolazimisha vidole vielekee ndani kuliko mguu unavyotaka.

Upande wa ndani: mara nyingi ni kliti inayolazimisha vidole vielekee nje, au pedali zilizo mbali mno na fremu. Hapa uhuru wa kliti, yaani kiasi ambacho kiatu kinaweza kugeuka kikiwa kimefungwa kwenye pedali, ndio unaoamua. Kwenye kliti za barabara za Shimano, nyekundu haina uhuru wowote, ya buluu ina digrii 2 na ya njano 6. Za Look Keo ni nyeusi 0, kijivu 4.5 na nyekundu 9. Angalia rangi kwa makini: nyekundu ya huku ndiyo kinyume kabisa cha nyekundu ya kule, na nimeona mtu akihama kutoka aina moja kwenda nyingine akidhani amenunua kitu kilekile. Mwenye goti bovu aanze na uhuru mwingi.

Kuna jambo ambalo hakuna kipimo kinachoweza kulirekebisha, nalo ni kuzidisha. Ulikuwa unaendesha kilomita 60 kwa wiki, wiki hii umeendesha 200. Goti halina kosa, na kiti hakina kosa. Hata mabingwa halikuwaacha: Mfaransa Bernard Hinault alijitoa kwenye mbio za Tour de France za mwaka 1980 akiwa na jezi ya njano ya kiongozi mgongoni, kwa sababu ya goti.

10. Vidole vya mkono vinakufa ganzi. Nibadilishe glovu?

Glovu ni nafuu kidogo. Swali ni kwa nini uzito mwingi hivyo umeegemea mikononi. Ganzi ikiwa kwenye kidole cha mwisho na cha pete, neva inayobanwa ni ile inayopita ukingo wa nje wa kiganja. Ikiwa kwenye gumba, cha shahada na cha kati, ni ile ya katikati ya kifundo cha mkono. Chanzo cha kawaida ni usukani ulio mbali au chini mno, au kiti kilichoinamisha pua kikakufanya uteleze mbele na kujizuia kwa mikono siku nzima.

Jaribio: ukiwa unakanyaga kwa nguvu ya wastani, inua viganja sentimita moja juu ya usukani. Ukianguka mbele, uzito umeegemea pabaya. Kiti kikirudi nyuma kidogo mara nyingi husaidia kuliko kuinua usukani, na watu hawaamini mpaka wajaribu.

Ganzi inayodumu baada ya safari, au kidole kinachokosa nguvu, ni jambo la swali la 14.

11. Nakaa kwenye kiti kwa taabu, au sehemu za siri zinakufa ganzi. Ni kawaida?

Makalio kuuma wiki za kwanza ni kawaida. Ganzi si kawaida, si ya kuvumiliwa wala kuonewa haya. Maana yake ni kwamba uzito uliopaswa kubebwa na mifupa ya kukalia unabebwa na msamba, ambako neva na mishipa ya damu hupita.

Upana wa kiti hufuata umbali kati ya mifupa hiyo miwili, na umbali huo hauhusiani na unene wa mtu. Mpimaji hukukalisha juu ya sponji au kadibodi laini na kupima mashimo mawili yanayobaki. Kwa wastani wanawake huwa na mifupa iliyo mbali zaidi, lakini nimepima wanaume waliohitaji viti vipana kuliko wake zao. Kiti kinene chenye sponji tele huhisi kama godoro dukani. Baada ya saa moja mifupa inazama na sponji inapanda katikati, palepale usipotaka.

Anza na kiti kilicho sawasawa kwa pimamaji. Kama ganzi ipo, inamisha pua digrii moja au mbili. Zaidi ya hapo unahamishia tatizo mikononi (swali la 10). Na usisahau urefu: kiti kilicho juu mno hukukata msamba kwa sababu miguu haifiki, unaning'inia.

12. Mgongo na shingo vinachoka baada ya saa mbili.

Kiuno huuma kwa sababu mbili zisizofanana. Kuna anayejikunja kupita uwezo wa nyonga na misuli yake ya nyuma ya paja, na huyu anahitaji usukani upande au usogee karibu. Kuna mwingine ambaye kiti chake kiko juu, nyonga zinayumba, na kiuno kinazizuia maelfu ya mara. Huyu ukimwinulia usukani humsaidii.

Shingo huuma kwa kuinua kichwa muda mrefu ili uone mbele. Kabla hujagusa usukani, angalia kofia na miwani. Ukingo wa kofia ulioshuka hadi kwenye nyusi hukulazimisha kuinua kidevu zaidi.

13. Nyayo zinawaka moto, au kisigino kinauma kwa nyuma.

Nyayo: kiatu kinabana kwa upana, au kliti iko mbele sana na shinikizo lote liko nyuma ya vidole. Miguu huvimba kwenye joto, kwa hiyo kiatu kilichokaa barabara asubuhi kinaweza kuwa adui saa sita. Legeza kamba, kisha rudisha kliti nyuma milimita chache.

Kano ya kisigino pia hupenda kliti iliyo nyuma, kwa kuwa kigimbi kinafanya kazi kidogo. Ukirudisha kliti, kiti kinaweza kuhitaji kushuka kidogo.

14. Lini niende kwa daktari na si kwa mpimaji?

Goti likivimba, likijifunga au likikuachia ghafla. Maumivu yanayokuamsha usiku. Ganzi au udhaifu usioisha siku moja au mbili baada ya kushuka. Maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni. Maumivu yoyote yaliyoanza kwa kuanguka. Mgongo ukiambatana na ganzi ya msamba nje ya baiskeli au kushindwa kudhibiti haja, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Mpimaji anayekuambia "hapa sigusi, nenda ukapigwe picha kwanza" amefanya kazi yake.

## Baada ya kupimiwa

15. Itachukua muda gani kuzoea?

Wiki mbili hadi nne, kwa safari fupi na nyepesi kuliko kawaida yako. Utahisi misuli ambayo hukuijua. Uchovu mpya wa misuli, unaopungua kila safari, ni sawa. Maumivu makali ya kiungo, yanayoongezeka, si sawa: rudi.

Usipimiwe wiki moja kabla ya mashindano. Kama ni lazima ubadilishe urefu wa kiti, usogeze milimita 2 au 3, uendeshe mara kadhaa, ndipo usogeze tena. Mwili uliokaa miaka kumi na kiti kibaya umejenga maisha yake hapo, na ukiuhamisha sentimita mbili kwa siku moja utalalamika hata kama unaupeleka pazuri.

16. Nimepimiwa na bado naumia. Nimetupa pesa?

Kwanza hakikisha vipimo havijahama. Zungushia bomba la kiti utepe mwembamba pale linapoingia kwenye fremu, likizama utaona. Boliti zikazwe kwa spana ya kupima nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kifaa chenyewe. Shingo nyingi za usukani huandikwa 5 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), na sehemu za kaboni hupasuka kwa anayekaza kwa hasira.

Kama havijahama, rudi kwa mpimaji ukiwa na maelezo: wapi, dakika ya ngapi, kwenye kilima au tambarare. "Bado inauma" haimsaidii. Na kama mkao uko sawa, kilichobaki ni mwili: kiuno dhaifu, jeraha lisilopona, mazoezi yaliyozidi. Hapo anahitajika mtaalamu wa tiba ya viungo, na wapimaji bora hufanya kazi bega kwa bega naye.

17. Nirudi kupimwa baada ya muda gani?

Hakuna tarehe. Rudi ukibadilisha viatu, pedali, kiti au krenki. Ukiongezeka au kupungua uzito sana. Baada ya jeraha au uzazi. Kliti zilizolika zibadilishwe kabla hazijaanza kucheza, na kabla ya kuzing'oa chora mstari kuzizunguka kwenye soli.

Bingwa wa mbio Mbelgiji Eddy Merckx alianguka vibaya kwenye uwanja wa Blois, Ufaransa, mwaka 1969, na mgongo wake haukurudi kama zamani. Tangu hapo alijulikana kwa kurekebisha kiti mara kwa mara, hata katikati ya mbio. Mwili ulikuwa umebadilika, naye alikuwa akiutafuta.

## Hali zisizo za kawaida

18. Mguu wangu mmoja ni mfupi. Inawezekana kurekebisha?

Ndiyo, kwa vibao vyembamba chini ya kliti ya mguu mfupi. Lakini kwanza ijulikane kama mfupa wenyewe ndio mfupi au ni nyonga iliyopinda inayofanya mguu uonekane hivyo. Ya pili hurekebishwa kwa mazoezi. Hata mfupa ukiwa mfupi kweli, mpimaji mwangalifu hazibi tofauti yote kwa mpigo. Huanza na sehemu yake na kukusikiliza.

19. Krenki fupi zinasaidia kweli?

Kwa mtu mfupi, mwenye nyonga ngumu au goti lisilokunjika vizuri, sana. Baiskeli nyingi huja na milimita 170, 172.5 au 175, bila kujali sana miguu ya mwenyewe. Ukihamia krenki iliyopungua milimita 5, unapandisha kiti milimita 5 ili mguu ufike chini palepale. Pedali ikiwa juu, umepata nafasi mbili: krenki imeshuka 5 na wewe umepanda 5. Milimita 10 za kupumulia kwa nyonga na goti. Nguvu haipotei kama watu wanavyohofia. Unazungusha haraka kidogo, basi.

20. Naumia kwenye baiskeli ya ndani tu, barabarani niko salama. Na mtoto wangu je?

Ndani baiskeli haiyumbi, hukwepi shimo, husimami kwenye pedali. Uzito unakaa palepale dakika sitini. Jiwekee utaratibu wa kusimama kila dakika kumi, na hakikisha gurudumu la mbele liko usawa na la nyuma.

Mtoto hahitaji kikao kizima. Anahitaji kiti kinachokaguliwa kila baada ya miezi michache na baiskeli ya saizi yake ya leo. Ile ya "atakua ataifikia" ataiendesha kwa ncha za vidole, huku mikono ikishindwa kufikia breki.

21. Mpimaji anaweza kuniambia kwamba baiskeli niliyonunua hainifai kabisa?

Anaweza, na ni kikao kigumu kwa wote wawili. Dalili huonekana mapema: kiti kimesukumwa mpaka mwisho wa reli zake, shingo ya usukani ni fupi kuliko zote zilizopo, pete za kuinulia usukani zimejaa na bado unajinyoosha. Fremu ndefu mno ni ngumu kuokoa. Ndogo kidogo mara nyingi huokolewa, kwa bomba refu la kiti na shingo ndefu.

Akikuambia hivyo, muombe akuandikie vipimo vyako viwili vya fremu: kutoka kitovu cha krenki kwenda juu hadi usawa wa kichwa cha fremu, na kutoka kitovu hichohicho kwenda mbele hadi kichwa hicho. Watengenezaji karibu wote huvichapisha kwa kila saizi. Ukiwa na namba hizo mbili mfukoni, herufi S, M na L zilizobandikwa kwenye fremu hazitakubabaisha tena.